Mstari Uliopanda Kwenye Kadi ya Siti

Ningeweza kusema hapana. Mama yangu alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, nami nimesimama mlangoni na shati la kazini mkononi. Alimaliza kuniambia alichotaka kuniambia, akainua uso akanitazama, akangoja. Neno lenyewe halikuhitaji nguvu. Nilisema, "Sawa, mama."

Alichotaka kilikuwa hiki. Mke wangu Hadija alikuwa na mimba ya miezi miwili. Binti yetu Siti alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na bado ananyonya. Mama alisema maziwa yale sasa ni ya aliyeko tumboni, na Siti akiendelea kuyanyonya atabemendwa. Kwa msomaji ambaye hakulelewa kwetu, nieleze: mtoto mchanga akikonda, au akichelewa kutembea, watu husema wazazi wake wamembemenda, yaani walishindwa kuvumilia, wakarudiana kitandani mtoto akiwa bado kwenye ziwa. Ni aibu ya nyumba nzima. Husemwa kwanza bombani, kwenye foleni ya ndoo, na wenye nyumba huwa wa mwisho kusikia.

"Amwachishe leo," mama alisema. "Si kesho. Mie na umri huu sitaki kuchekwa na watoto wa bombani."

Hadija alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Nilipomweleza aliacha nguo ndani ya beseni, akafuta mikono kwenye khanga.

"Baba Siti, huyu bado mdogo. Atakula nini?"

"Atakula tunachokula."

"Na sie tunakula nini?"

Mama alikuwa ameshakata jani la shubiri kwa jirani. Jioni ile Hadija alipakwa ule utomvu mchungu kwenye chuchu, na Siti alipofuata ziwa lake alivuta mara moja, akalitema, akamtazama mama yake usoni kwa muda mrefu. Alijaribu tena. Kisha akageuka akanitazama mimi. Nasema haya si kwa kupamba. Nimeishi nayo.

Tulikuwa tunakaa Keko, Dar, nyumba ya vyumba vitatu niliyopanga tangu nilipopata kazi ya ukarani kwenye ushirika wa mafundi seremala. Nilisoma hadi kidato cha nne, na mtaani kwetu wakati ule mtu wa kidato cha nne alikuwa anaitwa kusoma barua za watu na kuandika majina kwenye mikutano ya balozi wa nyumba kumi. Mama yangu nilimleta kutoka Lindi alipofiwa na baba. Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, na waliokuwepo wanaukumbuka. Mvua zilikuwa zimekataa, mahindi yetu hayakutosha, na unga uliokuja kwenye duka la ushirika ulikuwa wa njano na harufu yake ya ghala. Tuliupanga foleni tangu alfajiri na tulishukuru kuupata. Sukari ilipatikana leo, ikakosekana wiki mbili.

Siti alikula uji wa unga ule. Asubuhi uji, mchana uji, jioni ugali laini na mchuzi wa juu. Samaki hakupewa, mama alisema samaki humpa mtoto minyoo. Yai hakupewa, maana huchelewesha kusema. Nje ya mlango wetu kulikuwa na mpapai, mfupi, mnene, unaozaa mfululizo. Papai hakupewa kwa kuwa linaendesha tumbo. Nililila mimi, asubuhi kabla ya kwenda kazini, nimesimama pale pale mlangoni, na mbegu nikizitemea kwenye mchanga.

Siwezi kumsukumia mama yote. Yeye alilelewa hivyo, na watoto wake sita alilea hivyo, ingawa wawili walikufa na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi nilikuwa nimefundishwa darasani, na mwalimu wa sayansi alichora ubaoni sahani yenye vyakula vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Nilikinakili kile kielelezo kwa rula. Nilipata alama nzuri. Haikunipitia akilini kwamba sahani ile ilimhusu mtu wa nyumbani kwangu.

Vuli ilipita. Hadija alisumbuliwa na mimba ile, alitapika kila kitu, kwa hiyo kliniki Siti alipelekwa na bibi yake. Walikwenda mara moja kwa mwezi, wakarudi na kadi. Kadi ya kliniki ina mstari unaochorwa kufuata uzito wa mtoto. Ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, kuna jambo. Hadija hakujua kusoma na mama hakujua, basi kadi ilikuwa yangu. Niliitundika ukutani kwa msumari juu ya meza ya chai.

Mwezi wa kwanza baada ya kuachishwa, mstari ulilala. Wa pili ukashuka kidogo. Sikusema kitu. Mwezi wa tatu ulipanda, tena si kidogo, ulipanda kama paa la nyumba. Na kweli ukimtazama Siti uliona mashavu. Miguu ilijaa, vidole vya mkono vikawa vya mviringo. Ndugu waliokuja kututembelea walimpapasa wakasema mashallah.

Niliona fahari kama nimefaulu mtihani. Jumamosi moja nilimpeleka kwa mpiga picha, nikamkalisha kwenye kiti cha mianzi, amevaa gauni jeupe na viatu ambavyo tulivilazimisha kuingia. Mpiga picha alipiga vidole kumfanya acheke. Hakucheka, ila alitazama kamera.

Hadija peke yake ndiye hakufurahi.

"Mtoto hachezi," aliniambia. "Nikimweka hapa, namkuta hapa hapa."

"Ametulia. Kashiba."

"Nywele zake umeziona? Zimekuwa kama nywele za hindi. Nikimchana zinabaki kwenye kitana."

"Za utotoni zinatoka, za ukubwani zinaingia."

Siku nyingine alikuja na jambo jipya. "Baba Siti, mtoto jua likizama haoni. Nimemwekea kikombe chake mbele, anakipapasa pembeni. Akitambaa anagonga mguu wa meza."

Nilichukua kadi ukutani. Nilimwekea kidole chake juu ya mstari, nikamfuatisha nao kutoka bondeni hadi kileleni. "Unaona unavyopanda? Hii hospitali ndiyo imeandika, si mie. Ungekuwa unashuka, ningeogopa na wewe."

Alikiacha kidole chake kichukuliwe. Kisha akasema, "Mie sijui hayo ya mstari. Wewe ndiye uliyesoma," akaondoka.

Wiki tatu zilipita baada ya siku ile. Ndizo wiki ninazozihesabu hadi leo.

Kaskazi ilikuwa inakaribia kwisha, joto la kukaushia mbao. Jumamosi, siku ya kazi nusu, nilimchukua Siti nikaenda naye karakana. Sikuwa na shughuli naye huko. Nilikwenda kumwonyesha, niseme ukweli. Kulikuwa na fundi mmoja, Laurenti, Mmakonde wa Newala, mtu wa utani ambaye hakuwahi kuniita kwa jina.

"Karani! Leo umekuja na mwenyekiti?"

"Huyu ndiye Siti. Tazama anavyonenepa, halafu nyie mnasema Wamwera hatujui kulea."

"Nyie Wamwera mkipata mtoto mmoja mnene mnataka mkoa mzima ufunge kazi. Lete hapa, asije akakuvunja mgongo."

Alimkalisha pajani. Aliokota ganda la randa, yale membamba yanayotoka mbao ikilainishwa, akalivingirisha likawa kama pete, akalichezesha mbele ya macho yake. Watoto wote hulikimbilia. Siti hakunyoosha mkono. Hakulia kushikwa na mgeni, hakugeuka kunitafuta. Jicho moja alikuwa amelifumba, na la pili alilifinya akakwepa mwanga wa mlangoni.

Laurenti aliacha kutania. Alimvua kiatu, polepole maana kiatu kilikuwa kimebana, akaweka dole gumba juu ya mguu akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo, akatoa. Pale palibaki shimo. Tulilitazama wote wawili. Halikujaa.

"Karani," alisema, "ule ubao wa mninga tulioukataa juzi, tuliukataa kwa nini?"

"Ulikuwa mzito mno. Ulikuwa mbichi, una maji."

"Basi."

Nilitoa kadi mfukoni. Nilikuwa nimekwenda nayo. "Lakini tazama mstari, fundi. Kliniki wamempima."

"Mie karatasi sijui kusoma. Najua kubonyeza." Kiatu cha Siti alikitia mkononi mwangu, hakumvisha. "Nilikuwa na wangu kule Newala. Tulikuwa tunamwita Bonge. Nenda hospitali, Karani. Usipite nyumbani kunywa chai."

"Wako alipona?"

"Tulimzika na ubonge wake," alisema, akachukua randa yake akaendelea kupiga mbao.

Nilipita nyumbani, kwa ajili ya Hadija tu. Nilimkuta ameshamfungia mtoto khanga na kikapu cha nguo, amekaa kizingitini ananingoja nirudi naye. Asubuhi ile alikuwa ameona ute mweupe kwenye jicho la Siti na alikuwa ameamua kwenda, kwa kauli yangu au bila kauli yangu. Mama alisimama nyuma yake akisema tukienda hospitali watatutangaza, hadi Mtoni watajua mtoto kabemendwa. Hadija alitangulia njiani. Mama alipoona tunaondoka alivaa baibui yake akatufuata.

Benchi la kungojea lilikuwa refu, la saruji, na lilikuwa limejaa akina mama. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Kila aliyeitwa mbele, sote tulisogea hatua moja ya kukaa, na mimi nilisogea na Siti mapajani, na kila nilipomwinua nilihisi ule uzito niliokuwa nikijivunia. Alikuwa mzito kama nguo iliyolowa. Jua lilitoka miguuni mwetu likapanda ukutani. Hakuna aliyekuwa na kosa pale, watoto walikuwa wengi tu. Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba wangu ni wa haraka. Kisha nikawatazama wale wengine mikononi mwa mama zao, nikakaa.

Nesi aliyetupokea alimvua Siti nguo zote. Ndipo nilipomwona. Nyumbani alikuwa akiogeshwa na bibi yake, mimi namwona amevaa. Mashavu yalikuwa mashavu, lakini mabega yalikuwa mifupa. Mbavu zilihesabika. Ngozi ya mapaja ilikuwa na mabaka meusi yanayobanduka kama rangi ya mlango uliopigwa na jua. Nesi alimzungushia mkononi utepe wenye rangi tatu. Ulikwenda ukapita kijani, ukapita njano, ukasimama kwenye nyekundu.

Daktari alikuwa kijana. Alibonyeza miguu kama Laurenti alivyobonyeza. Kisha akauliza, "Anakula nini?"

Mama alimjibu haraka, kwa sauti ya ugeni. "Kila kitu, mwanangu. Mayai, maziwa, samaki. Sie hatumnyimi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akijibu kliniki miezi yote mitatu, nilikuja kujua. Aliona haya kusema nyumba ya mwanawe karani hakuna chakula. Na alimpeleka mtoto amevaa soksi, viatu na nguo za sikukuu, apimwe akiwa nadhifu.

Hadija alisema, "Uji."

"Uji wa nini, mama?"

"Wa unga wa njano. Basi."

Daktari hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Aliandika, akasema ugonjwa unaitwa unyafuzi, kwamba mwili ukikosa chakula cha kuujenga huvimba maji, na maji yale ndiyo yaliyopandisha mstari. Alifungua kope za Siti kwa vidole viwili. Alikaa pale muda. Alimwita nesi kwa ishara ya kichwa.

"Nyumbani mna mti wowote wa matunda?" nesi aliuliza baadaye, akijaza karatasi.

"Mpapai," nilisema.

"Unazaa?"

"Unazaa."

Aliandika. Sijui aliandika nini.

Dawa ya macho ilikuwa kidonge laini cha mafuta ya manjano, cha vitamini A, kidogo kuliko punje ya hindi. Walikikata ncha kwa mkasi wakakikamulia mdomoni. Nilitegemea sindano, chupa, mashine. Siku ile na siku ya pili walimpa kile kidude tu, na maziwa kwa kijiko. Dawa ya binti yangu ilikuwa ndogo hivyo, na ndani ya papai la mlangoni kwangu ilikuwamo bure.

Hadija alilazwa naye, wodi ya watoto, na tumbo lake likiwa limeshaonekana. Kitanda kimoja, mtoto juu, mama chini kwenye mkeka. Mimi nilikuja asubuhi kabla ya kazi na mchana baada ya kazi. Kazi yetu sote ilikuwa kijiko. Maziwa yaliyochanganywa na mafuta na sukari, kikombe kidogo, kila saa mbili, awe anataka au hataki. Siti hakutaka. Alifunga meno, na maziwa yakatiririka shingoni, tukafuta, tukaanza upya. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nimebembeleza kijiko kimoja cha maziwa kwa dakika ishirini, nimeshindwa. Nilimpa kijiko Hadija. Naye akashindwa. Nesi akaweka mpira mwembamba puani.

Kitanda cha pili alikuwa Mama Pili wa Mbagala, mwanawe naye kavimba. Yule mama alikuwa anachekesha wodi nzima kwa kusudi, nadhani ili asilie.

"Baba Siti, sogea huku. Waume zetu wote wametoroka, wewe ndiye mwenyekiti wetu. Fungua kikao."

"Sina ajenda, dada."

"Ajenda ni kijiko. Wanaokubali waseme ndiyo!"

Na akina mama walisema ndiyo, na Hadija akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Mwanawe Mama Pili alifariki siku iliyofuata, mchana, wakati mama yake amekwenda kuchota maji. Nilikuwepo. Nesi alimkuta mlangoni na ndoo. Sitaandika zaidi.

Siku ya sita walimpima Siti. Alikuwa amepungua. Niliona nukta mpya kwenye karatasi, chini ya ile ya zamani. Nilimwambia nesi, "Sista, anaondoka."

"Nani anaondoka? Maji ndiyo yanaondoka. Tulikuwa tunaomba ashuke."

"Ashuke?"

"Ashuke kwanza, baba. Akishafika uzito wake wa kweli ndipo aanze kupanda."

Aliposhuka kabisa nilimwona mtoto wangu alivyokuwa siku zote zile chini ya mashavu. Mikono ilikuwa kama ya kifaranga. Huyo ndiye niliyempeleka kwa mpiga picha.

Siku ya tisa alilia. Usishangae nikiiandika kama neema. Tangu tuingie wodini alikuwa hajalia, alikuwa ananung'unika tu kama mzee. Siku ile nesi alimtoa mpira puani, naye akafungua mdomo akalia kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Wodi nzima ilimcheka. Hadija alimpa kikombe, akakishika mwenyewe kwa mikono miwili na kunywa mpaka chini. Alikunywa amefumba macho.

Kila mchana mama alikuja na bakuli la papai lililopondwa. Daktari alikuwa amemruhusu. Alikaa nje ya wodi, kwenye ngazi, hakuingia, kwa sababu Hadija hakuwa akisema naye. Hadija alitoka, akapokea bakuli, akaingia. Hapakuwa na shikamoo wala marahaba. Bakuli tupu nililirudisha mimi. Mama alilishika, akatazama ndani kama mtoto kamaliza, akaondoka. Alifanya hivyo mpaka mpapai ulipobaki na matunda machanga tu. Ndipo akaenda kuomba kwa majirani, wale wale wa bombani aliokuwa akiwaogopa.

Masika ilianza tukiwa bado ndani. Siku moja mvua kubwa, bati linalia, daktari alituita pembeni. Alisema uvimbe umekwisha, Siti atapona. Kisha akasema habari ya macho. La kulia kioo chake kilikuwa kimeshapasuka siku tulipofika, halikuwa na la kufanywa. La kushoto lilikuwa limeanza kulainika, dawa imelizuia lisipasuke, lakini kovu limeshafunika katikati. Nilimuuliza tungelifika wiki tatu nyuma ingekuwaje. Alitazama karatasi zake. Alisema, "Kutoona jioni ndiyo dalili ya kwanza. Pale huwa linarudi."

Hadija alikuwa amesimama karibu yangu. Nilitaka aseme chochote. Alisubiri mpaka daktari alipoondoka.

"Mama yako alikuja kwako kuomba kauli," alisema. "Na mie nilikuja kwako kuomba kauli. Sote tulikuja kwako."

Hakulirudia tena neno hilo katika miaka yote tuliyoishi pamoja, na tuliishi mingi.

Tulirudi nyumbani kabla mvua hazijaisha. Siti alijifunza kutembea akishika ukuta. Masika ileile Hadija akajifungua mtoto wa kiume, akamnyonyesha mpaka mtoto mwenyewe alipochoka na ziwa, na hakuna aliyeulizwa, si mama, si mimi. Kadi za kliniki alizifungia kwenye sanduku lake. Alimwita binti wa jirani amsomee. Mimi hakunipa.

Ninaandika haya kwa wewe ambaye una mtoto aliyeachishwa ziwa mapema, au mtoto ambaye watu wanamsifia unene ghafla baada ya kukonda. Mvue nguo umwone mwenyewe. Baba, mwogeshe hata mara moja kwa wiki. Bonyeza mguu wake kwa dole gumba, hesabu polepole, toa, tazama. Jua likizama mnyooshee kitu anachokipenda, uone kama anakifuata. Mimba ikiingia si lazima ziwa litoke siku hiyo, waulize kliniki, na waambie kweli anachokula hata kama ni uji mtupu. Ukiona haya kusema ni uji, basi fahamu kwamba haya yako anailipa mtoto. Maharage yaliyopondwa, dagaa waliotwangwa, karanga, mchicha na kijiko cha mafuta, papai. Hivi vingi tulikuwa navyo hata mwaka ule.

Siti sasa ni mama wa watu wazima. Alisomea shule ya wasioona, mbali na Dar, akasoma zaidi kwa vidole kuliko mimi nilivyosoma kwa macho. Alipokuwa mdogo aliniuliza mara moja, "Baba, mie nilipofukaje?" Nilimjibu ni maradhi tu, kazi ya Mungu. Mama yake alikuwa jikoni, alisikia, akanyamaza.

Hadija ametangulia, na mama yangu pia. Mwezi uliopita nilimsomea Siti maandishi haya yote kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama ile picha ya kwa mpiga picha bado ninayo.

"Ninayo."

"Nilikuwa mnene?"

"Hapana, mwanangu. Ulikuwa umevimba. Mie ndiye niliyeona unene."

Alinyoosha mkono nikampa. Aliipapasa karatasi ile kingo zote nne, akanirudishia. Ni picha pekee duniani ambamo binti yangu anatazama mbele kwa macho mawili. Nilisema sawa kwa mama yangu, kisha nikamnyamazisha mke wangu kwa kadi, na kwa ajili hiyo Siti hana jicho la kulia, na la kushoto linajua mwanga na kivuli tu. Uso wangu aliuona kwa mwaka mmoja na nusu, umri ambao hakuna mtu anayeukumbuka.